Diski Isiyotazamwa na Wanaume

Siku hizi ukitaka kudharauliwa Mombasa huna haja ya kwenda mbali. Ingia duka la vyombo vya umeme kwenye Barabara ya Digo, uulize kama wana deki, ile mashine ya kuchezea diski kwenye televisheni. Utatazamwa kama mtu aliyeuliza bei ya punda.

"Diski?" aliniuliza muuzaji wa duka la kwanza, jamaa wa makamo aliyevaa shati lenye jina la televisheni mgongoni, kana kwamba yeye mwenyewe ni katoni. "Mzee wangu, watu siku hizi wako kwenye intaneti."

"Mimi niko dukani kwako. Unayo au huna?"

Hakuwa nayo. Alikuwa na televisheni pana kama kitanda cha harusi, ikionyesha samaki wa rangi ambazo Mungu hakuwaumba nazo, akanisimamisha mbele yake ili nistaajabu. Sikustaajabu. Samaki nimewaona wakiwa hai na nimewaona wakiwa wamekaangwa, na katika hali zote mbili walikuwa na haya kuliko wale.

Duka la pili mwenyewe alinicheka waziwazi. "Nenda Ngomeni," akasema, "labda wameweka moja kwenye kabati la vioo, pamoja na mizinga." Wateja wake wakacheka naye. Niliwatazama wote, mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa amenunua kitu.

Nawadharau watu hawa, na sababu ninayo. Ni haohao, au baba zao, waliotuuzia deki na kutuapia kwamba diski haifi, hailiwi na ukungu, haikatiki kama kanda. Tukatupa kanda. Baadaye wakatuambia diski ni uchafu. Wakati huo nilikuwa Maskati nikipakia mizigo, na niliporudi nikakuta watu wamezitupa kwa magunia, zimekwenda Kibarani na taka nyingine za mji. Leo Kibarani wameifukia na kupanda nyasi, wenye magari husimama hapo kupigwa picha. Hawajui wamesimama juu ya harusi za watu.

Mimi sikai mahali. Nimeishi Lamu, nimeishi Tanga, Mtwara, Maskati na Nairobi, nikifanya kazi ambazo cheti cha kidato cha nne kinaruhusu, yaani zote zile ambazo wenye vyeti vikubwa hawazitaki. Kila nikirudi Mombasa nakuta kitu nilichokiacha kimeondolewa na mahali pake pamewekwa kitu cha kung'aa. Sasa safari hii nimerudi kwa sababu ya macho ya mamangu.

Mamangu anaishi Mji wa Kale, ghorofani, katika nyumba aliyoachiwa na babake. Presha ya macho imemla kidogokidogo. Daktari alimwambia kwamba kilichokwisha hakirudi, na kilichobaki nacho kiko njiani. Kilichobaki ni rangi. Umbo la kitu humchelewea, lakini rangi huiwahi. Mimi hunijua kwa shati langu la buluu. Nikilifua na kuvaa jeupe huniuliza mimi ni nani na nani kanifungulia mlango.

Alichokitaka ni kimoja tu: kumwona dadangu.

Dadangu alinitangulia kuzaliwa, akaolewa katika zama za diski, na hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Kuna picha zake za shule na za Idi. Lakini siku ya kupambwa kwake mama hakumwona. Kwetu siku ya kupamba ni ya wanawake peke yao. Bibi harusi huketishwa kwenye jukwaa na hina yake, dhahabu yake na asmini zake, na wanawake ambao njiani huwaoni ila macho huvua mabuibui yao mlangoni na kuingia na nywele wazi na magauni ya kumetameta. Mpiga picha ni mwanamke. Mlinda mlango ni mwanamke. Na picha zikishatengenezwa hazitazamwi na mwanamume yeyote.

Mama wa bibi harusi, kazi yake siku hiyo ni mlango. Apokee wageni, awanyunyizie marashi, aulizwe kwa nini fulani hakualikwa na fulani kaalikwa. Mama alipopata nafasi ya kuingia ukumbini, bintiye alikuwa ameshashushwa jukwaani na kupelekwa. Diski ikaenda na bibi harusi kwa mumewe. Dadangu alipofariki ikabaki kabatini kwa wakwe zake, na haikurudi kwetu mpaka mwaka huu walipohama nyumba, imefungwa ndani ya leso zake. Deki yetu ilikuwa imekufa zamani.

"Nataka kumwona mwanangu alivyokuwa siku ile," mama aliniambia. "Macho yakishafungika kabisa, nitakuwa nimechelewa mara ya pili."

Aliyekuwa shemeji yangu, mume wa dadangu, alipopata habari alikuja na simu mbili, moja ya kuongea na moja ya kuweka mezani. Ni mtu wa maofisi, tumbo mbele. Idi iliyopita alikuwa amemletea mama televisheni mpya nyembamba, na kila akija huitazama kwanza yeye ndipo amsalimie mama.

"Hiyo deki ya nini, mama? Nipe diski mimi. Kuna kijana pale ofisini ataihamisha kwenye flashi. Ni kazi ya kikombe kimoja cha chai."

"Kijana huyo ni mwanamke?"

"Ni kijana tu, mama. Wala hatazami. Kompyuta ndiyo inayofanya kazi."

"Na hiyo kompyuta inatumia macho ya nani?" mama akamuuliza. "Mle ndani mna wanawake walio vichwa wazi. Wengine leo ni nyanya za watu, wengine wako makaburini. Walimvulia mwanangu mabuibui yao. Hawakumvulia kijana wa ofisini kwako."

Alicheka kile kicheko cha watu wa maofisi, kisicho na mwenzake, akatoka na simu zake. Nilifurahi. Ni nadra mtu wa namna ile kunyamazishwa, na ni nadra zaidi kunyamazishwa akiwa amekalia kochi lako.

Ndiyo maana ikanibidi nitafute deki. Nilikwisha kukata tamaa na Barabara ya Digo nilipoelekezwa kwa fundi mmoja Majengo, ambaye chumba chake kilijaa maiti za redio mpaka dari. Alikuwa mtu mwenye majivuno kupita kiasi kwa mtu aliyekaa juu ya debe.

"Deki ninazo tatu," akasema. "Ila mimi simuuzii mtu asiyejua anachokitaka."

Nilijua ninachokitaka. Diski za harusi hazikutoka kiwandani. Zilichomwa nyumbani kwa mpiga picha, na upande wa chini zina rangi ya zambarau. Deki nyingi huzikataa, huzitema kama mtoto anayetema dawa. Nilihitaji deki inayokubali diski ya kuchomwa, na yenye waya za rangi tatu. Kuijaribu kwa diski yenyewe hapo Majengo hakukuwezekana, mbele ya wanaume waliojaa mlangoni kwa fundi wakitafuna miraa na kungoja kitu cha kutazama bure. Kwa hiyo nilimwomba diski nyingine yoyote ya kuchomwa.

Alinisukumia boksi. Nikachakura, na humo ndani nikaikuta filamu ya Kihindi ya zamani, ya kabla ya rangi, ambayo niliiona utotoni katika jumba la sinema nililokuwa nikiliingia kwa mlango wa nyuma. Jumba lenyewe siku hizi linauza magodoro. Nilisimama na ile diski mkononi nikasahau kilichonipeleka.

"We bwana," fundi akasema, "umekuja kununua deki au kulia?"

Tukaanza. Deki ya kwanza, nyembamba kama sinia, iliila diski, ikaguna, ikaitema. Ya pili ilikuwa ya mkononi, na kioo chake chenyewe kisichozidi kiganja.

"Hii utaenda nayo hata chooni," fundi akaisifia.

"Ni ya kumwonyesha mtu asiyeona."

"Sasa mtu haoni, unampelekea deki! Mpelekee redio."

Mtu anayekaa juu ya debe haelezwi mambo ya mamako. Ya tatu ilikuwa nzito, ya zamani, imekwaruzwa juu. Alipoiwasha ukatokea ukurasa wa buluu wenye jina la watengenezaji, kisha filamu ikaanza bila kusitasita, mvua ikinyesha juu ya mwanamke aliyesimama dirishani, kila kitu rangi ya majivu kama nilivyokumbuka.

"Hii haichagui," fundi akasema. "Inakula kama papa. Waya tatu, kila rangi na tundu lake. Ukishindwa na hilo, rudi chekechea."

Nikainunua, na filamu nikaichukua pia.

Nilipofika nyumbani nikaigeuza televisheni ya shemeji. Sijui ni nani anayebuni migongo ya televisheni hizi, lakini bila shaka ni mtu asiyekuwa na mama. Waya nyekundu ilikuwa na tundu lake, nyeupe ilikuwa na lake. Njano haikuwa na kwao. Kulikuwa na tundu la kijani lililozungushiwa duara jembamba la njano, kama mtu aliyevaa nguo za wenyewe akashona ukosi wake tu. Nikachomeka humo. Nikashika rimoti nikatafuta mahali deki inapoingilia, na orodha ikanipa majina mawili, fupi na refu. Nilichagua refu. Mtu wa kidato cha nne huheshimu maneno marefu.

Filamu ikaja. Mvua, dirisha, mwanamke. Nikakaa nikaitazama mpaka wimbo wa kwanza ukaisha, na siku hiyo niliwadharau wauza televisheni wote wa mji huu kwa moyo mweupe.

"Mbona naona moshi mtupu?" mama akauliza.

"Filamu yenyewe ndivyo ilivyo, mama. Ni ya kabla ya rangi."

"Haya," akasema.

Siku ya pili yake, baada ya alasiri, wakaja wawili walioalikwa: mama mdogo, nduguye mama, na shangazi yangu, nduguye baba. Wawili hawa hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi. Niliwaonyesha vitufe vya rimoti, nikamwekea mama mto karibu kabisa na kioo, kisha nikafukuzwa.

"Toka, toka," shangazi akasema. "Na pazia uliteremshe. Na usikae ukichungulia huko."

"Nichungulie nini, shangazi? Nyinyi nawaona kila siku."

"Unatuona tulivyo sasa. Mle ndani tulikuwa watu."

Nikakaa kwenye ngazi, mgongo wangu kwa mlango. Nilisikia deki ikiguna, nikasikia ikikubali, na mara vigelegele vikatoka, na vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusi, na sauti ya bibi mmoja aliyekuwa akianza nyimbo zote za harusi mtaani kwetu. Nikangoja kusikia furaha kutoka ndani.

"Hii ndiyo nini?" mama mdogo akauliza.

"Mbona dhahabu yote imekuwa bati?" akasema shangazi. "Na huyu nani, mimi? Mimi sikuvaa kijivu. Mimi nilivaa zari ya zambarau, watu wakanitolea macho!"

"Walikutolea macho kwa sababu ilikubana."

"Ilinibana wapi?"

"Nyamazeni," mama akasema. "Naona majivu. Katika haya majivu, mwanangu ni yupi?"

"Huyo hapo kati, dada. Hapo, unapotazama."

"Huyu?"

"Hapana, hiyo ni nguzo."

Nikawaambia kutoka nje waitoe diski. Walipoitoa na kuifungia mkobani niliingia, nikaweka filamu yangu. Mvua, dirisha, mwanamke, kila kitu kama kilivyokuwa Majengo.

"Mashine ni nzima," nikatangaza. "Diski yenu ndiyo iliyopauka."

"Nilijua," shangazi akasema. "Nguo ikikaa miaka kabatini hupauka, sembuse picha. Na kwa kabati la watu wale! Pale hata mtu hupauka."

"Hilo kweli," akasema mama mdogo, na ndiyo mara pekee niliyowasikia wakikubaliana.

Mama alikuwa bado amekaa juu ya mto, uso wake karibu na kioo, mkono umeinuliwa kidogo kama mtu anayepapasa kitasa. "Basi," akasema. "Zimeni. Asanteni kwa kuja."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alianza kutafuta kandambili zake kwa mguu.

Nikabonyeza deki itoe filamu. Ikaitema, na kioo kikarudi kwenye ule ukurasa wa mwanzo wenye jina la watengenezaji. Nikautazama. Ulikuwa wa kijivu. Nikautazama tena. Majengo, kwa yule mtu wa debe, ukurasa huu ulikuwa wa buluu. Hata vumbi la chumba chake lilionekana la buluu ulipotokea.

Mungu wangu! Nimeijaribu deki ya kuonyesha rangi kwa filamu isiyo na rangi. Kati ya diski zote zilizokuwa kwenye lile boksi, za ngoma, za mieleka, za katuni, nilichagua ile moja isiyoweza kuniambia kama nimekosea, kwa kuwa ilinikumbusha mlango wa nyuma wa jumba la magodoro. Wauza televisheni wa Barabara ya Digo ni wajinga, na sijabadili neno. Lakini hakuna mmoja wao ambaye angefanya hilo.

Nikachukua rimoti, nikarudi kwenye orodha, nikaacha jina refu, lililokuwa la mashine za waya tano na si tatu zangu, nikachagua fupi. Kioo kikapepesa.

Mama aliacha kutafuta kandambili.

"Hiyo buluu," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nilitoka bila kufukuzwa. Nyuma ya pazia nikasikia wakigombea mkoba, deki ikaguna, vigelegele vikaanza upya, na safari hii shangazi akapiga chake mwenyewe. "Zambarau! Si niliwaambia? Tazama ilivyokaa!"

"Imekubana," akasema mama mdogo.

Halafu mpiga picha, ambaye nadhani alikuwa mtu wa kupenda kula, akatumia muda mrefu kwenye sambusa, kwa maelezo niliyoyasikia, na kwenye viatu vya wageni, na kwenye watoto wa watu wasiohusika. Nilikaa kwenye ngazi nikimchukia mwanamke nisiyemjua. Umepewa bibi harusi umpige picha, unapiga sambusa!

"Huyo mwekundu," mama akasema ghafla.

"Ndiye, dada."

"Najua ndiye. Nimemwona kabla hujasema. Gauni lile nililichagua mimi, kitambaa tulikikata pamoja. Jekundu la komamanga. Amekaa vizuri. Ametulia."

"Na hina imekoza," akasema mama mdogo. "Mpaka viwikoni."

Vugo likaendelea. Kisha shangazi, ambaye kimya humwasha, akaguta. "Aa! Tazama huyu mtoto! Ainua macho! Nilimwambia nikamwambia, bibi harusi hainui macho, atazame mikono yake mpaka ashushwe. Watu wote wale wamemwona!"

"Anatazama kamera."

"Kamera iko huku. Yeye ageuka kule."

"Macho siyaoni," mama akasema. "Naona wekundu umesogea. Amegeukia wapi?"

Shangazi akakohoa.

"Amegeukia wapi, nauliza?"

"Kule mlangoni, dada," mama mdogo akasema.

Mlangoni siku ile alikuwa mama mwenyewe, na chupa ya marashi mkononi, akiwapa watu udhuru.

"Rudisha," akasema.

"Nirudishe nini?" shangazi akauliza.

"Hapo aliposogea. Rudisha."

"We mtoto!" shangazi akaniita kwa sauti ya mtu aliyeonewa. "Mamako ataka irudi. Nibonyeze kipi?"

"Chenye mishale miwili inayotazama kushoto."

"Kushoto kwangu au kwake?"

"Kushoto, shangazi! Kushoto ni kushoto!"

"Usinipigie kelele, mimi si mkeo."

Deki ikanguruma. Wakaipitisha, wakarudi mpaka kwenye sambusa, wakagombana, wakazipita tena. Vugo likafika palepale. Nikamsikia mama akisema, polepole, kama mtu anayeitikia anapoitwa kutoka chumba cha mbali, "Niko hapa."

Kisha akasema, "Rudisha."

Nikawaambia tena, kile cha mishale miwili.